Kibuyu Kimoja cha Jua

Bi. Somoe, kila akishuka kutoka Uwanja wa Kuotea, wazee wanakoota jua, alikuwa na mpangilio wake, na hakutaka mtu amharakishe. Kwanza atakohoa. Kisha atajifunga kanga vizuri, kwa kuwa mgongo uliopigwa jua hautaki upepo. Halafu atapeleka mkono nyuma, chini ya bega la kushoto, alibandue lile jani polepole kama mtu anayebandua mkate wa kumimina ulioshika chunguni, na kukichomoa kibuyu.

Kibuyu chenyewe si kibuyu cha kweli. Ni kichupa cha kioo, kidogo kuliko kidole gumba, shingo nyembamba, tumbo nene, ndiyo maana watu wa Masasi wakakiita hivyo. Na jani nalo si jani. Ni kitambaa laini cha kijani, kina mishipa mishipa kama jani la mhogo, na kazi yake ni kunywa. Jua likipiga ngozi ya mtu, ngozi hupika kitu humo ndani, kitu ambacho watu wa zamani hawakukijua jina ila walikuwa nacho tele, na waganga wakakiita vitamini D. Bila hicho mtoto anaweza kula dagaa na kunywa maziwa mpaka tumbo liwe ngoma, na mifupa isipate kitu. Basi jani lilikinywa kile kilichopikwa mgongoni kwa bibi, likakidondosha kibuyuni, na jioni kibuyu kikapachikwa mkononi kwa mjukuu ambaye kutwa nzima hakuliona jua.

Angelionaje? Asubuhi king'ora kikilia, kila aliye chini ya miaka kumi na minane huingia ndani ya jabali. Humo ndimo zilimo shule, na uwanja wa mpira wenye taa, na ubaridi mzuri wa kutaka shuka. Hawatoki mpaka jua lizame. Nje jua lilikuwa la kumwaga. Mapaa yote ya Masasi yalikuwa mabamba ya kulivunia, na umeme wake ndio uliopoza mapango. Watoto wale walisomeshwa kwa jua, wakapikiwa kwa jua, wakapepewa kwa jua. Ila kuwagusa, halikuwagusa.

Zamani vilikuwapo vidonge. Lakini vidonge vilitengenezwa kwa mafuta ya manyoya ya kondoo wa nchi za baridi, na nchi za baridi zimekuwa hadithi. Kondoo wamekwisha, vidonge vimekwisha, wamebaki wazee, wasio na kazi za kuwashika mchana, na migongo yao.

Jioni hiyo Bi. Somoe alikiinua kibuyu akakitazama kwenye mwanga wa mwisho. Kilikuwa kimejaa mpaka shingoni, maji ya rangi ya samli. Akaridhika. Hakwenda kwake moja kwa moja. Alipita uchochoro wa ua, akapiga hodi nyumba ya jirani.

"Karibu, bibi," ilijibu sauti kutoka ndani. "Siinuki kukupokea, unisamehe."

"Nani kakwambia uinuke? Kaa hapo hapo."

Aliyekaa alikuwa Sikudhani, msichana wa miaka kumi na minne, mwembamba, magoti yake yamekutana kama watu wanaonong'onezana. Alilelewa na bibi yake, Bi. Atiye, ambaye kiti chake pale Uwanjani kilikuwa ubavuni mwa kiti cha Bi. Somoe miaka yote. Msimu wa mabibo uliopita Bi. Atiye alilala asiamke. Akazikwa, jani lake likarudishwa, na kiti akapewa mzee mwingine mwenye mjukuu wake. Sikudhani akabaki na kaka aliyefanya kazi ya mabamba huko Nachingwea, anayekuja mwisho wa mwezi na gunia la unga na maneno machache.

Bi. Somoe alichuchumaa, akatoa kichupa cha pili alichokificha kwenye pindo la kanga, akamimina nusu ya kibuyu humo, kwa makini, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Kisha akakipachika mkononi kwa binti.

Hakuona kama anafanya jambo kubwa. Alikulia nyumba ambayo mtu hapiki akafunika. Ukikaanga korosho harufu ikavuka ua, basi na sahani ivuke. Tena chakula kikigawanywa kinashibisha wawili. Nani asiyejua hilo?

*

Zahanati ilikuwa ndani ya jabali, ngazi tatu chini, na ukutani maji yalitiririka katika mfereji mwembamba uliochongwa kwa ajili ya ubaridi. Bi. Somoe alikaa na wasichana wawili, mmoja kila upande. Kulia mjukuu wake Rukia, miaka kumi na sita, mrefu, mwenye maneno. Kushoto Sikudhani, ambaye hakuwa na wa kumleta.

Nesi Bupe, Mnyakyusa aliyehamia huku akiwa bado kijana na sasa anakijua Kimakua kuliko baadhi ya Wamakua, alipitisha kipimo juu ya miguu ya Rukia. Picha ya mfupa ikajitokeza hewani mbele yao, ya buluu, inageuka taratibu.

"Unaona hapa, Mama? Mfupa mzuri huonekana kama mhogo uliokomaa. Huu umeingia maji." Akageukia kwa Sikudhani. Picha ya pili ikatokea. Nesi akaisogelea. "Na huu hivyo hivyo, tena zaidi."

"Nilisema mimi," alisema Rukia. "Nikipanda ngazi nasikia kama kuna mtu ananikata muundi kwa msumeno. Mwalimu wa michezo ananiita bibi kizee."

"Mimi bibi kizee na sipigwi msumeno," alisema Bi. Somoe.

"Ndiyo nasema, mke mwenzangu. Tubadilishane miguu."

Nesi hakucheka. Alikishika kibuyu, akakipindua. "Mama, unakaa juani saa ngapi?"

"Jua la asubuhi. Jua zuri. La mchana najifunika kanga. Ndivyo tulivyowaotesha jua watoto wetu tangu wachanga."

"Wote huko juu mnafanya hivyo, na nimeshachoka kusema. Jua la asubuhi ni tamu lakini halina nguvu hiyo. Hilo unaota joto tu. Linalopika kitu hiki ni jua la juu, kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe. Ila hata ukiliota hilo, mgongo mmoja hutoa kibuyu kimoja kwa siku, nacho hutosha mtoto mmoja." Akaweka kibuyu mezani. "Mtoto mmoja. Huyu hapa naona amepata nusu. Na huyu hapa, ambaye hana bibi, naona naye amepata nusu. Sasa mimi nijiulize, imetoka wapi?"

Maji yakasikika ukutani.

"Niligawa," alisema Bi. Somoe.

"Ulimpa jua langu?" Rukia aligeuka mzimamzima.

"Jua lako! Ulilichimba wapi?"

"Bibi! Nimeumwa tangu mvua! Kumbe linavushwa ua!"

Sikudhani aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Akajaribu kuinuka atoke. Alishika ukuta kwa mkono mmoja, akashika goti kwa mkono wa pili, akajisukuma, akakwama katikati, akajisukuma tena, kama mwanamke aliyezaa watoto kumi. Rukia alimtazama, akafunga mdomo.

"Kaa, mwanangu," nesi akamwambia. "Hujaiba kitu wewe." Kisha kwa Bi. Somoe, kwa upole, maana alimpenda: "Mama, hii si wali. Mwili wa msichana anayekua ni pipa lililotoboka. Ukimimina kwa kasi, litajaa. Ukimimina nusu, linavuja lote. Umewapa wawili, na hakuna aliyepata."

"Basi tafuta mzee mwingine ampe mmoja."

"Wazee wamekwisha. Kila mgongo una mtoto wake, na wengine wanangoja." Nesi aliizima picha moja, halafu ya pili. "Mifupa ya umri huu inafunga, haikui tena. Ikifunga ikiwa imepinda, imepinda. Nitajie jina moja. Ijumaa nikisajili jani upya, nisajili la nani?"

*

Usiku Bi. Somoe alichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini. Aliimenya polepole, akiondoa kila kiuzi, akaipanga sahanini kwa kufuata ukubwa kama kawaida yake. Rukia alikula bila kusema, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Ungenitaja mimi," alisema hatimaye. "Siku zote ungenitaja mimi. Mimi ndiye damu yako."

"Ndiyo."

"Lakini hutanitaja."

"Sijasema."

"Unamenya ming'oko kama unayemenya mtu. Nakujua." Rukia alisukuma sahani. "Mpe Sikudhani. Umeona Siku anavyoinuka? Mpe tu. Ila usiniambie nifurahi, kwa sababu sifurahi hata kidogo. Mimi nitakaa hivi hivi."

"Hukai hivi hivi," alisema Bi. Somoe.

Aliosha mikono. Akaifuta, kidole baada ya kidole. Kulikuwa na jambo ambalo halikuwa siri kwa mtu yeyote Masasi, na ambalo hakuna aliyelitaja: sheria haikumkataza mzazi kumtoa mtoto wake nje, juani. Ilisema tu kwamba akimtoa, lolote likimpata ni juu yake. Haikuhitaji kusema zaidi. Watu wote walikumbuka Mwaka wa Joto, watoto walipoanguka kwenye gwaride la shule, mmoja mmoja, bila kelele, kama nguo zinazoanguka kutoka kambani. Dadi, mwana wa Bi. Somoe, alikuwa mstari wa mbele. Mtoto wa miaka kumi na moja, mwenye pengo la jino. Tangu hapo hakuna mama wa Masasi aliyemtoa mtoto wake mchana, hata kwa kuchota maji.

"Kibuyu nitampa Siku," alisema. "Chote. Wewe nitakutoa."

Rukia alikodoa macho. "Nje?"

"Nje."

"Mchana?"

"Saa sita. Nesi kasema la asubuhi halina kitu."

"Kwa nini isiwe Siku atoke, mimi nipewe kibuyu?" Aliuliza si kwa ubishi, alitaka kujua kweli.

"Kwa sababu Siku si wangu. Mtoto wa mwenzio ukimchukua, unampa kile ulicho na hakika nacho. Humtupi kwenye jambo usilolijua mwisho wake. Likimpata baya, nitamwambia nini Atiye nikikutana naye huko? Wewe..." Akasita. "Wewe likikupata, nitalia na mama yako. Tutalia wenyewe kwa wenyewe."

"Hiyo ndiyo faida ya kuwa damu yako?"

"Ndiyo hiyo. Na kulishwa ming'oko."

Rukia alicheka bila kutaka. Kisha akakaa akiutazama mkono wake, laini, wenye ubaridi, kama mkono wa samaki. Tangu anyonye hajawahi kusimama mahali penye kivuli chake mwenyewe, ila kivuli cha taa.

"Bibi."

"Naam."

"Linauma?"

"Nini?"

"Jua."

Bi. Somoe alifikiri, kwa kuwa swali la haki hujibiwa kwa haki. "Ni kama maji ya moto ya kuoga. Mwanzo unaruka. Halafu unaomba yaongezwe."

Alimpigia simu mama yake Rukia, ambaye alikuwa Mtwara kwenye mitambo ya kuchuja maji ya bahari. Alimweleza yote, kuanzia kichupa cha kwenye pindo la kanga. Upande wa pili mitambo ilisikika ikivuma.

"Mama," sauti ikaja mwishowe, "wewe ndiye uliyemzika Dadi. Ukisema atoke, mimi ni nani niseme asitoke?"

*

Ijumaa Bi. Somoe alitaja jina la Sikudhani. Nesi Bupe alilisajili jani, kisha akakaa akilizungusha kidoleni.

"Na Rukia?"

"Namtoa."

Nesi aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. "Mama, hawa hatuwajui. Hatujawahi kuwapima wakiwa juani, kwa sababu hawajawahi kuwa juani. Mwili wake haujui joto. Labda atazoea siku ya kwanza. Labda hatazoea kabisa. Sina cha kukuahidi, na ukiniuliza kama nesi, nakwambia usifanye."

"Na nikikuuliza kama Bupe?"

"Kama Bupe..." Alitazama ukuta unaotiririka maji. "Kama Bupe, nina binti wa miaka tisa humu ndani, na usiku namgusa miguu akiwa amelala."

Akamwelekeza: kichwa kifunikwe, kitambaa kiwe kimeloa, maji yenye chumvi kidogo na sukari, miguu na mikono iwe wazi, muda uwe mfupi, siku inayofuata uongezwe. Alisema kwa sauti ndogo, na kila kitu alikisema mara mbili.

*

Jumamosi jua lilipopanda, wazee wa Uwanja wa Kuotea walimwona Bi. Somoe akiinuka kitini kabla ya wakati. Uwanja ule ulikuwa na paa la kioo kizito, kinachopitisha mwale na kuzuia joto, na viti vyake ni vya kuhesabika, kila kimoja cha mzee mwenye jani. Ndiyo sababu hakuna aliyekiacha chake ovyo.

"Somoe!" aliita Mzee Chilumba, jirani yake mpya. "Unakimbilia wapi? Umeposwa?"

"Ndiyo, na bwana harusi hataki kusubiri. Nishikie kiti."

"Mwambie alete na dada yake."

Wakacheka. Alipopita mwisho wa kioo akatoka kwenye jua tupu, kicheko kikakatika nyuma yake kidogo kidogo, kwa maana waliona anaelekea mlango wa jabali.

Mlango ulikuwa wa chuma, na mbele yake lilitandazika jiwe pana, jeusi kwa miaka, lisilokanyagwa mchana. Bi. Somoe alitandika magunia mawili yaliyoloa, juu yake mkeka. Aliweka mtungi. Akaupapasa mkeka kwa kiganja, akauvuta tena upande, akanyoosha kona ambayo ilikuwa imenyooka.

Mlango ukafunguka kwa kishindo cha hewa baridi. Rukia alisimama kizingitini, kanga imeloa kichwani, maji yakimchuruzika mabegani. Nyuma yake Sikudhani alikuwa amemshika kiuno, na haikujulikana nani anamtegemeza nani.

"Hapa ndipo mwisho wangu," alisema Sikudhani. "Ukizimia nitakuvuta miguu."

"Kwa nguvu zipi?" alisema Rukia. "Nenda zako."

Akatoka.

Aliruka, kweli. Alipiga ukelele mdogo, akafumba macho yote mawili, akanyoosha mikono mbele kama aliyeingia chumba chenye giza. Bi. Somoe alimshika kiwiko, akamwongoza mpaka mkekani, akamkalisha, akamvuta gauni juu ya magoti, kama alivyokuwa akimfanyia mama yake akiwa mchanga. Miguu ya msichana ilionekana mle juani kama kitu kilichochimbuliwa.

"Mbona kizito hivi?" alisema Rukia, macho bado yamefumbwa.

"Nini kizito?"

"Mwanga. Kama umeniwekea mtu mapajani."

Bi. Somoe aliinama karibu. Alikuwa akitazama midomo yake. Alikuwa akitazama mishipa ya shingo, na mapigo yake, na mdomo wa juu, pale chini ya pua. Siku ile ya gwaride alipomfikia Dadi, kilichomshangaza kabla ya kingine chochote ni kwamba mtoto alikuwa mkavu. Uso mkavu, kiganja kikavu, mkavu kama jani la mkorosho lililoanguka. Hajawahi kumwambia mtu hilo. Sasa alimtazama Rukia pale chini ya pua mpaka macho yake mwenyewe yakamwasha, na hapakuwa na kitu, na hapakuwa na kitu, akapeleka mkono kumshika kwapa amvute ndani.

Ndipo akaona. Tone moja, dogo, si maji ya kanga. Kisha la pili pembeni yake. Kisha paji zima la uso likaanza kung'aa.

Mlangoni vichwa vilikuwa vimejazana nyuma ya Sikudhani, wasichana na wavulana, hakuna anayevuka. Kule mwisho wa kioo wazee wamesimama, Mzee Chilumba mbele, mkono umefunika mdomo. Hakuna aliyepiga kelele. Hata nesi Bupe, aliyetoka akiwa ameshika ndoo ya maji, aliitua chini polepole asiigongeshe.

"Basi," alisema Bi. Somoe. "Basi, mama. Imetosha kwa leo. Twende ndani."

Rukia alifumbua jicho moja. Akaitazama mikono yake, akaigeuza, viganja juu, viganja chini. Jasho lilikuwa likimteremka shingoni, naye akaligusa kwa kidole na kulionja, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Bado kidogo, bibi," alisema.

Mkono wa Bi. Somoe ulikuwa ungali kwapani mwa mjukuu wake, umeshika. Kila kidole kilitaka kuvuta. Akakitoa kimoja, akakitoa cha pili, mpaka mkono ukawa umetoka wote. Akaketi mkekani karibu naye, akamminyia maji ya kanga kichwani, akamwacha.